Wazururaji wa Kitulo

Asubuhi ya sherehe ya Mwalimu Asajile, Sekela alipewa kazi nyepesi kuliko wenzake wote, naye akafurahi, maskini, kwa kuwa hakujua ni kazi gani. Wenzake walikuwa nyuma ya nyumba ya Mwalimu wakimenya viazi na kumchuna mbuzi. Yeye aliambiwa akae kwenye chumba cha kikundi, kile kilichokuwa zamani cha kupozea maziwa, anakili ramani ya nyota kwa wino mzuri. Ramani ingetiwa kwenye fremu, na Mwalimu angekabidhiwa mbele ya wageni baada ya chakula. Sekela ndiye aliyekuwa na mkono mzuri. Mwalimu alizoea kumwita "jicho langu" mbele za watu, na Sekela akawa anainamisha uso kama mtu asiyependa kusifiwa, kumbe anapenda hasa.

Kazi ya kikundi chao ilikuwa kichekesho kwa zama zile za mitambo. Angani kulikuwa na utaji, vumbi la vioo lililotandazwa na mataifa ili kupunguza makali ya jua. Jua kweli likapungua, mashamba yakapumua, lakini vumbi lile likawa linametameta usiku kucha, na mitambo ya kutazama anga ikawa inaona kila kimeto. Ndiyo shida ya mtambo, unaona kila kitu. Ukiuliza kimondo kiko wapi, unakuonyesha maelfu. Jicho la mtu ni vivu. Vimeto halivijali, linashtuka tu kinapopita kimondo chenyewe. Basi watu wakarudishwa kazini, walale chali kwenye majani na baridi yao, kamba mkononi na ramani kifuani.

Kimondo kikipita, unanyoosha kamba kwa mikono miwili na kuilaza juu ya njia yake, upesi, kabla njia haijafutika kichwani. Unaangalia kamba imepita karibu na nyota zipi, halafu unachora mstari. Mistari ya mvua moja ya vimondo, ukiirudisha nyuma yote, hukutana mahali pamoja. Si kwamba vimondo vimezaliwa hapo. Vinakuja sambamba, njia moja, ila machoni vinaonekana kutawanyika kutoka sehemu moja, kama reli za pale stesheni ya Mbeya ukisimama katikati na kutazama mbali. Sehemu hiyo wao waliiita chimbuko.

Ukilijua chimbuko, umejua mawe yanatokea upande gani. Na huko juu, kwenye karakana ya angani ambako mafundi waliishi wakiushona utaji kila ulipochanika, palikuwa na ngao moja tu, kubwa, nzito, ya mwendo wa kobe. Ngao inatazama upande mmoja. Pande nyingine ni kuta nyembamba, na nyuma ya kuta hizo kuna vitanda vya watu. Kitanda kimoja kilikuwa cha Lwitiko, mdogo wake Sekela, waliyeachiana ziwa.

Sasa kulikuwa na nyota yenye mkia iliyovunjikavunjika, na wingu zito la vumbi lake lilitarajiwa kuifikia karakana jioni ya siku hiyo hiyo ya sherehe, ingawa chembe za kutangulia zilishaanza kupita. Vikundi vya nchi nyingine havikuona kitu kwa mawingu, na vya mabondeni vilizibwa na moshi wa watu kuchoma mashamba. Kitulo peke yake, juu kule kwenye baridi, ndiyo iliyopata anga safi alfajiri ya juzi. Kikundi cha Mwalimu Asajile kikapeleka chimbuko: kando ya Suheli, ile nyota kubwa ya kusini. Ofisi ya Ngao ikaligeuzia ngao, na kwa furaha ikatangaza kwamba chimbuko hilo litaitwa kwa jina la Mwalimu. Ndiyo sababu mbuzi alikuwa anachunwa.

Sekela akachovya kalamu, akanakili. Ramani ya kikundi ilikuwa nzuri, na kadiri alivyoendelea kuinakili ikawa nzuri kupita kiasi. Mistari ya watu wote imekutana kwenye duara ambalo ungelifunika kwa kizibo cha soda. Sekela alikuwa ameshachora mvua nyingi, na mikono ya watu wanaotetemeka kwa baridi haiwi hivyo. Huyu hukosea huku, yule kule, na chimbuko la kweli hutoka limetapakaa, unalikisia katikati.

Akaweka kalamu chini. Moyo wake ulikuwa umeshajua; yeye ndiye alikuwa bado anajitia hamnazo.

Wachoraji walikuwa na sheria yao moja kubwa, waliyoiita macho mabichi. Wataalamu hukadiria chimbuko kwa hesabu, na kiongozi wa kikundi peke yake huambiwa makadirio hayo ili ajue awalaze watu wakitazama upande gani. Mchoraji haambiwi kitu. Akiambiwa, jicho lake limepikwa, na kikundi chake hakichori tena siku hiyo. Juzi alfajiri, watu wakiwa wameshajilaza, Mwalimu Asajile alipita na chupa ya chai akimmiminia mmoja mmoja. Alikuwa na furaha ya mtu aliyesubiri anga safi kwa wiki nzima. "Poleni na baridi, wanangu," alisema. "Suheli huyo, amependeza leo. Mkae naye vizuri."

Basi. Ni hayo tu. Kila mtu alisikia. Ilitakiwa mtu mmoja aseme, "Mwalimu, umetaja kadirio," na kazi ingeishia hapo. Lakini nani amwambie? Mtu mzima, aliyewafundisha, aliyewaletea chai kwa mikono yake! Walisema asante Mwalimu, wakanywa.

Kisha vimondo vikaanza. Sekela alikumbuka kile cha kwanza kilichomsumbua. Alipolaza kamba ilimpita Suheli kwa mbali, na yeye akaisogeza. Kidogo tu, upana wa kidole, akijiambia mkono umetetemeka. Kingine kilikuwa mbali zaidi, hakikusogezeka. Hicho akakiandikia Z pembeni.

Z ni mzururaji. Kila siku kuna vimondo visivyo vya mvua yoyote, vinajipitia tu kwa njia zao, na mstari ukishaandikiwa Z hakuna anayeuangalia tena. Lakini kisheria Z huandikwa mwisho, chimbuko likishapatikana. Sekela akavuta ramani yake mwenyewe ya juzi, akazitazama Z zake. Zilikuwa zimeandikwa papo hapo gizani, kwa penseli ile ile, kwa mkono ule ule uliokuwa ukitetemeka. Tena zilikuwa nyingi mno. Alfajiri moja wazururaji hawawi wengi namna ile.

Akachukua rula. Akaanza kuirudisha nyuma mistari ya wazururaji wake, kazi ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kuifanya, ya nini? Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikumchukua muda. Ilikuwa inakutana. Haikukutana kwa Suheli hata kidogo. Ilikutana shibiri nzima kutoka hapo, shibiri ya mkono ulionyooshwa, katikati ya zile nyota nne zenye umbo la msalaba wanazoziita Salibu ya Uongo. Na haikukutana kwenye kizibo cha soda. Ilitapakaa vizuri, kama inavyotakiwa kutapakaa.

Akavuta ramani ya mwenzake Gwakisa. Akavuta za wengine. Kila mtu alikuwa na wazururaji wengi, na wazururaji wa kila mtu walitoka Salibu ya Uongo. Kila mmoja wao aliona. Kila mmoja aliandika Z na kunyamaza, akidhani ni yeye peke yake mwenye macho mabovu.

Aibu ikampanda Sekela kutoka miguuni hadi masikioni, akiwa peke yake chumbani, hakuna wa kumtazama. Angekuwa hajui, asingeona haya. Lakini alijua juzi. Mkono wake ulipoisogeza ile kamba, alijua.

*

Ofisi ya Ngao haikupokea neno la mchoraji mmoja mmoja. Neno la kikundi lilipita kwa kiongozi, na simu ya kikundi, iliyokaa sebuleni kwa Mwalimu, ilifunguka kwa sauti yake tu. Sekela akakunja ramani, akazitia ndani ya koti, akaenda mbio hadi alipouona uwanja wa Mwalimu. Hapo akaanza kutembea taratibu, maana wageni walikuwa wameshafika.

Walikuwa wengi. Wakwe wa Mwalimu kutoka Tukuyu, mchungaji, walimu wenzake wa zamani, akina mama waliokaa kwenye mikeka na pombe ya ulanzi kwenye ndoo. Mwalimu alisimama mlangoni na koti jipya, kanyoa ndevu, kajikata kidogo kidevuni. Alipomwona Sekela uso ulimng'aa.

Sekela akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, jicho langu! Wakwe zangu, huyu ndiye niliyewaambia. Huyu binti akikuambia kimondo kimepita mahali, kimepita hapo."

Mama mmoja akapiga kigelegele. Sekela akatamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, nina neno," akasema kwa sauti ya chini.

"La heri?"

Hebu niambie, kwa watu wetu, mlangoni kwa mtu, mbele ya wakwe zake, siku ya furaha yake, nani anajibu "la shari"? Hata mwenye msiba husema ni heri, kisha akaomba maji, akakaa, ndipo akasema. Sekela aliufungua mdomo na mdomo ukajibu kama ulivyolelewa.

"La heri, Mwalimu."

"Basi litasubiri tule. Mbuzi anakaribia. Nenda kawasaidie wenzako."

Akaenda. Ndiyo, alikwenda. Huko jikoni alimkuta Gwakisa, mchekeshaji wa kikundi, mwanamume mwenye kipara na sauti ya tarumbeta, anachochea moto kwa kofia yake. Sekela akamvuta pembeni, akamwonyesha.

Gwakisa akacheka kwanza. Kisha akaangalia mistari yake mwenyewe, na kicheko kikaishia njiani. "Nilidhani ni mimi tu," akasema. "Nilijua miwani yangu imechoka. Nikasema Gwakisa, usijitie ujuaji, watu wote wanaona Suheli."

"Ngao imeangalia siko. Mawe yanafika jua likizama. Na ngao yenyewe kuigeuza shibiri nzima ni kuanzia sasa hadi jioni."

"Sasa umemwambia?"

"Amesema tule kwanza."

Gwakisa akakuna kipara. Sekela alimtazama akitumaini atasema, "Wee, una wazimu? Twende sasa hivi!" Angesema hivyo, wangekwenda. Lakini Gwakisa naye ni mtoto wa watu, kalelewa nyumba zile zile.

"Wakwe wapo," akasema. "Mchungaji yupo. Utamvua nguo mzee wa watu na hajawapa hata maji ya kunawa? Wale tu, dakika chache, tumwite nyuma. Mbuzi ameshaiva."

Mbuzi hakuwa ameiva. Mbuzi wa Kitulo, kwa baridi ile, haivi kirahisi. Sekela akamenya viazi, akaosha masahani, akapokea wageni waliochelewa, kila mara anatazama jua. Jua lilipita utosini na nyama bado ngumu. Likaanza kuinama ndipo maji ya kunawa yakazungushwa. Mchungaji akaomba, akaomba tena, akamwombea Mwalimu, akaiombea karakana na vijana wetu walioko juu. Sekela aliitikia amina pamoja na wengine.

Akala. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko ile kamba, kuliko ukimya wa juzi. Mama mkwe wa Mwalimu alimtilia nyama kwenye sahani, ya pajani, kwa heshima yake, na Sekela akaila. Ilikuwa tamu. Akamwongeza, akapokea kwa mikono miwili.

*

Alipoona sahani zinaondolewa ndipo alipojikaza, akamgusa Mwalimu mkono. Mwalimu akampeleka stoo ya nyuma, anatabasamu bado.

"Haya mwanangu, neno gani hilo la heri lililokukondesha tangu asubuhi?"

Sekela akazitoa ramani ndani ya koti. Alitandaza ramani juu ya gunia la viazi. Mwalimu akavaa miwani. Akaipitisha kidole mistari ya wazururaji, mmoja baada ya mwingine, akarudi, akaipitisha tena. Ile tabasamu ilibaki mdomoni kwa muda, imesahauliwa tu pale.

"Hizi Z ni za nani?"

"Hizi zangu. Hizi za Gwakisa. Nimezirudisha za wote, Mwalimu. Ni hivyo hivyo."

"Salibu ya Uongo." Alilitamka polepole. Halafu akauliza, na aliuliza kweli, hakuwa anazuga: "Nani aliwaambia Suheli?"

"Wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

"Ulipoleta chai. Ulisema amependeza. Ulisema tukae naye vizuri."

Mwalimu Asajile akakaa juu ya gunia lingine, koti jipya na vumbi lake. Midomo ilimcheza kama anayejaribu kulikumbuka jina la mtu. "Nilisema," akakubali mwishowe. "Nilikuwa na furaha tu. Niliwaona mmelala pale, anga safi, nikasema wanangu hawa…" Akainua macho. "Na wewe ulisikia."

"Nilisikia."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Sekela! Miaka yote ile, kumbe nilikuwa nakufundisha kuniogopa?"

"Si kukuogopa, Mwalimu. Ni heshima."

Sebuleni watu walikuwa wameanza kuimba, na mtu akapiga meza kwa kiganja. Mwalimu akageuza uso kuelekea kwenye wimbo, na Sekela akaona jinsi mtu mzima anavyotafuta pa kujificha. Hakupenda kukiona kitu hicho.

"Tuseme kamba zililowa umande," akasema Mwalimu bila kumtazama. "Zikavutika. Tumegundua leo, tunarekebisha. Hilo halina mtu ndani yake."

Na Sekela, jamani, alipata nafuu. Kifua kilimfunguka. Umande! Nani ataulaumu umande? Alikwisha kuinamisha kichwa kukubali. Ndipo hesabu ikamjia, kwa sababu hesabu haina adabu, inakuja isipoitwa. Kamba zikiwa zililowa, basi zililowa kwa mistari yote, ya Suheli na ya wazururaji pia. Ofisi itatupa yote kwenye pipa, na ngao itabaki ilipo. Mistari ya wazururaji ilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: hakuna aliyeijali. Mtu hapindishi kitu anachokitupa. Ile ya Suheli waliipika kwa sababu walijua inatakiwa kwenda wapi; ya wazururaji waliiacha mbichi. Na huwezi kueleza kwa nini hii ni mbichi mpaka useme nani aliipika ile nyingine, na kwa neno gani.

"Tukisema umande, hawatageuza," akasema. "Itabidi tuseme yote."

"Najua," akasema Mwalimu. Alikuwa anajua tangu mwanzo; yeye ndiye aliyemfundisha. Akasimama, akajipangusa vumbi, akatoka kwenda sebuleni, kwenye simu, mbele ya wakwe zake.

Wageni walidhani anapigiwa pongezi. Mtu akasema "Nyamazeni, nyamazeni, Ofisi hiyo!" na akina mama wakatengeneza khanga zao kama wataonekana. Simu ikafunguka kwa sauti ya Mwalimu, na sauti ya Bi. Mwanakheri, mkuu wa zamu wa Ofisi ya Ngao kule Tanga, ikajaa chumbani.

"Ah, Mwalimu wetu! Hongera baba. Na kelele hizo, mnakula pilau bila sisi?"

Kigelegele kikapigwa tena. Mwalimu akangoja kiishe.

"Bi. Mwanakheri," akaanza. "Lile chimbuko…" Sauti ikamkatika. Akajaribu tena ikatoka hewa tu. Akamtazama Sekela, na Sekela akasogea mbele ya simu.

"Shikamoo, Bi. Mwanakheri. Ni Sekela, mchoraji. Chimbuko si Suheli. Ni Salibu ya Uongo. Ngao inatazama siko, tunaomba igeuzwe sasa."

Ikaja sauti ile ile, lakini utani umetoka. "Kwa ushahidi gani?"

Akaeleza. Alieleza Z ni nini, na ya kuwa ziliandikwa papo hapo, na ya kuwa za watu wote zinakutana. Aliongea haraka akitumaini haraka itamfunika.

"Hebu ngoja, mwanangu. Z mliandikaje kabla ya kupata chimbuko? Mlijuaje yupi mzururaji?"

"Tulikuwa tumeambiwa Suheli."

"Na nani?"

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Mchungaji alikuwa ameshika bilauri, hanywi. "Mwalimu alitaja," akasema Sekela. "Kwa bahati mbaya. Alitaja tu, hakutuamuru. Sisi ndio tuliosikia tukanyamaza. Sisi ndio tuliosogeza kamba. Mimi nilisogeza."

Mama mkwe wa Mwalimu akaguna, "Mmh!" Gwakisa, aliyekuwa amesimama mlangoni na mafuta ya nyama mikononi, akapaza sauti: "Na mimi." Akafuata mwingine, binti mnyamavu wa Matamba: "Hata mimi." Na mwingine. Wakasogea, kila mmoja akachukua ramani yake na kusoma mistari yake ya Z mbele ya wageni, nyota kwa nyota, Bi. Mwanakheri akiandika huko aliko. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwalimu Asajile alisimama kando, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Zinakutana," akasema Bi. Mwanakheri mwishowe. Walisikia akitoa amri, na mtu akiitikia kwa mbali. "Naigeuza. Mengine ya kikundi chenu tutaongea siku nyingine. Sekela."

"Abee."

"Umeligundua hili saa ngapi?"

Angeweza kusema sasa hivi. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Gwakisa, na Gwakisa asingesema.

"Asubuhi," akasema.

"Asubuhi." Sauti ya Bi. Mwanakheri haikupanda. "Na sasa jua limeshainama. Mlikuwa mnafanya nini tangu asubuhi, mwanangu?"

Mezani kulikuwa na mifupa bado. Nzi mmoja alitua juu yake.

"Tulikuwa tunakula," akasema Sekela.

*

Wageni waliondoka bila kuaga sawasawa. Wakwe walisema barabara ya Tukuyu ni mbaya gizani. Mke wa Mwalimu akaifunika nyama iliyobaki kwa sinia, akaikalia karibu kama anailinda. Kikundi kikakaa ukumbini, kila mtu na blanketi lake, na hakuna aliyepiga soga. Salibu ya Uongo huchomoza alfajiri majira yale. Jioni ile hapakuwa na cha kutazama. Walichoweza kukijua ni kwamba mahali fulani juu yao kitu kizito kilikuwa kinajigeuza kwa mwendo wa kobe, na mawe yalikuwa hayamsubiri mtu anawe mikono.

Sekela alihesabu kichwani, akaacha, akahesabu tena. Kama angesema mlangoni. Kama angesema jikoni. Kama angesema kabla ya sala, au hata baada ya ile nyama ya kwanza. Kila alipofika kwenye ile ya kuongezwa alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Alimwomba Mungu amlinde Lwitiko, kisha akaona haya hata kuomba.

Mama yake alipiga simu asubuhi, jua limeshatoka na umande unafuka kwenye majani. Sekela alitoka nje kuipokea. Mwalimu alikuwa amesimama uwanjani, bado na lile koti, akamkazia macho kujua habari.

"Sekela! Mwanangu, mzima! Lwitiko mzima, nimesikia sauti yake kwa masikio yangu. Anasema ngao iligeuka, walikuwa wanaisikia inalia, ikawafunika karibu wote. Mungu ni mkubwa, mwanangu, Mungu ni mkubwa!"

"Karibu wote?"

"Ee, imebaki mkono mmoja tu wa nje, ule wa stoo, ngao haikuwahi kufika huko. Kulikuwa na fundi amelala huko, zamu yake ilikuwa ya usiku. Kijana wa Kondoa sijui, mwenyeji wa huko. Ndiye aliyepatwa. Lakini sisi ametuokoa Mungu. Si wetu, mwanangu, si wetu."

Sekela alitaka kukaa, na hapakuwa na pa kukaa. "Anaitwa nani, mama?"

"Nani?"

"Huyo kijana."

"Sijamshika jina. Wa nini sasa? Mshukuru Mungu, nasema si wetu."

"Ni wetu, mama."

"Nini? Simu inakwaruza huko kwenu." Mama akapandisha sauti, kwa furaha ya mzazi aliyekesha, akatamka neno moja moja ili mwanawe asikie vizuri. "Hujanielewa, Sekela. Nasema wetu mzima! Aliyekufa si wetu!"